Kucha za njano, miguu kuvimba na mapafu kujaa maji: kuna mtu ameshakutana na hii kitu?

kijana_wa_pangani

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hii stori ni ndefu na sijui niikatie wapi.

Bi mkubwa wangu yuko huku kwetu Pangani, ana miaka 60 na ushee, mtu wa shughuli zake, hajawahi kuvuta sigara maisha yake yote. Alianza siku nyingi na kikohozi, kile cha asubuhi cha makohozi mengi halafu mchana kinapoa, na mafua yasiyoisha, pua imeziba mwaka mzima sisi tunasema vumbi. Baadaye kucha zikaanza kubadilika, zikawa za njano inayoelekea kijani, nene, zimejikunja, nelikata haiingii kabisa tunatumia mkasi. Halafu kuna kitu alikisema mwenyewe kikanishangaza, anasema zamani alikuwa anakata kucha kila Ijumaa sasa hivi miezi inapita hazijasogea. Tukapewa dawa za fangasi, za kupaka na za kumeza, hola.

Miguu nayo ikavimba, mwanzo ilikuwa jioni tu, asubuhi inashuka, sasa hivi haishuki tena. Huku pwani mguu ukivimba jibu ni moja tu, matende, na kweli babu mzaa mama alikuwa nayo kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Mwisho pumzi zikaanza kukata. Hospitali (sitaitaja) wakapiga eksirei, maji kwenye mapafu pande zote mbili, wakayatoa kwa sindano mgongoni, majibu yakasema protini nyingi na limfosaiti nyingi (aina ya chembe nyeupe za damu), wakasema hii ni TB. Akaanzishiwa dozi, miezi sita kameza hajaruka hata siku, mkojo rangi ya chungwa mpaka akazoea. Kamaliza, maji yamerudi. Sasa wanataka arudie dozi upya kuanzia mwanzo.

Juzi alivyozidiwa nesi akamwekea kile kidude cha kubana kidoleni cha kusoma oksijeni, kikawa kinapiga kelele tu hakisomi. Kidole hiki, kidole kile, wapi. Akaja daktari kijana, nadhani ni intani, akafanikiwa kupata namba kwa kubana sikioni, halafu badala ya kuondoka akabaki ameshika mkono wa mama anauangalia. Akauliza kucha zimeanza lini, na miguu je, na mafua je. Akaandika kwenye karatasi: "sindromu ya kucha za njano, waulize wakubwa". Wakubwa tulivyowaonyesha wakacheka.

Maswali yangu: huu ugonjwa upo kweli au dogo katoa mtandaoni? Unathibitishwaje? Na hizi dawa za TB za mara ya pili aanze au tusubiri? Nyumbani wengine wameshaanza kusema kakanyaga kitu, mnajua tena.

mzee_wa_hoja

Mkuu usihangaike, kucha za njano ni fangasi au ini, na hiyo njano nyingine ni dawa za TB zenyewe, si umesema mkojo ulikuwa wa chungwa? Ugonjwa wa kucha unaoingia mapafuni mimi nimeishi mjini miaka yote sijausikia.

kijana_wa_pangani

Kaka kucha zilianza kabla ya dawa za TB, tena mbali sana.

tiba_za_babu_tz

Dawa ipo, mizizi mitatu tu, anapona kabisa. Njoo inboksi.

bintimvita

^ Wewe kila uzi uko na mizizi mitatu, hata wa gari kukataa kuwaka.

pumzi_ndefu

Mleta mada pole sana na mpe pole mama. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, simwoni mgonjwa kwa hiyo siwezi kukwambia anaumwa nini, ila huyo dogo aliyeshika mkono akaangalia kucha mpe heshima yake. Ugonjwa upo. Madaktari wawili wa Uingereza, Samman na White, waliuandika mwaka 1964 kwa wagonjwa 13 waliokuwa na kucha za njano na uvimbe wa mwili, na mwaka 1966 Emerson akaongezea maji kwenye mapafu. Toka hapo unajulikana kwa mambo matatu: kucha, uvimbe wa limfu, yale maji ya mwilini yenye mishipa yake mbali na ya damu (hasa miguu), na mfumo wa hewa, yaani maji kwenye utando wa mapafu, kikohozi cha muda mrefu, njia za hewa zilizotanuka na kuharibika, mafua sugu na sainasi.

Ni nadra kweli. Makadirio ni chini ya mtu mmoja kwenye watu milioni, sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61 na kitu, piga hesabu mwenyewe, nchi nzima hawafiki hata sabini. Kwa hiyo wakubwa kucheka sishangai, mtu anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Ila kwetu unadra sio tatizo kubwa sana. Tatizo ni kwamba kila kipande cha huu ugonjwa kina jina jingine tayari lililo karibu zaidi. Kucha zinaenda kwa mtu wa ngozi zinaitwa fangasi. Miguu inaitwa matende. Maji yanaitwa TB. Mafua yanaitwa aleji. Kila kliniki inatoa dawa yake, na kila mmoja kwa kipande chake hajakosea sana, maana huku kwetu hayo ndo yanayoua na ndo yaliyojaa. Anayekosekana ni mtu wa kuvipanga vyote kwenye ukurasa mmoja na kuuliza kipi kilianza lini.

Sasa ukivipanga vya mama vinaongea. TB ya utando wa mapafu mara nyingi inajaza maji upande mmoja. Yeye ni pande zote mbili. Maji ya pande zote mbili tunawaza moyo, figo, ini, lakini hayo kwa kawaida maji yake yana protini kidogo. Yeye amepewa majibu ya protini nyingi. Limfosaiti nyingi na protini nyingi ni sawasawa na TB ndio maana walimwanzishia, na mimi ningekuwa zamu siku hiyo na sijaziangalia kucha ningemwanzishia hivyohivyo. Lakini TB iliyotibiwa kwa dozi kamili halafu maji yakarudi palepale inabidi mtu akae chini afikirie upya: ni TB sugu, ni kansa, au ni kitu kingine?

Matende nayo mara nyingi mguu mmoja unamzidi mwenzake. Mama ni miguu yote sawa? Hilo hujasema.

Kuhusu kucha, fangasi wa kawaida wanaanza na kucha chache, hasa za miguuni, ukucha unakuwa unamomonyoka unga unga. Kwenye huu ugonjwa unakuta kucha zote au karibu zote, mikono na miguu, ukucha ni mgumu ila ukiupapasa juu unateleza, umepinda upande hadi upande. Angalia kwenye shina: kale kamwezi keupe hakapo, na ile ngozi nyembamba inayoshikilia ukucha pale chini nayo haipo. Wakati mwingine ukucha unaachana na nyama na kudondoka wenyewe. Na hilo la kukata kucha kila Ijumaa halafu miezi inapita, hiyo ni historia ya thamani kuliko vipimo vingi, iandike kwenye daftari lake la kliniki kwa maneno yake mwenyewe.

Kipimo kimoja cha damu cha kusema ndiyo au hapana HAKUNA. Wengi wanakubali ukiwa na mambo mawili kati ya matatu, na kucha ziwe mojawapo, halafu unaondoa vingine vyote vinavyofanana. Sio lazima yote matatu yaje pamoja, mtu anaweza kuanza na kifua miaka kucha zikafuata, au kinyume chake, na hapo ndo watu wanapotea njia.

Vya kuomba: maji yatolewe tena yapimwe ADA (kimeng'enya kinachopanda kwenye TB), ikiwa juu inaelekea TB, ikiwa chini sana uwezekano wa TB unapungua. GeneXpert (kipimo cha kutafuta vinasaba vya TB) ya maji ya utando ikitoka hasi usiichukulie kuwa hakuna TB, kwa maji hayo inakosa wengi, ndio maana tunataka kinyama kidogo cha utando wenyewe. Hicho kinyama kinajibu na swali la kansa. Eko ya moyo, figo, ini, albumini. Siti skani ya kifua. Kwa matende kuna kipimo cha kidole siku hizi, na kile cha zamani cha damu ya usiku, maana wale minyoo wadogo wanajitokeza ndani ya damu usiku wa manane, ukichukua saa nne asubuhi utaambiwa hana. Ila kumbuka mguu uliovimba siku nyingi unaweza kupima hasi na bado ni matende.

Pia uliza: ana baridi yabisi? Amewahi kutumia dawa zake za kizamani, sindano za dhahabu au penisilamini? Hizo zimewahi kuhusishwa na kucha za namna hii.

Dawa za TB: usimzuie wewe wala usimwanzishe wewe. Nenda na swali kwa maandishi, "kwa nini maji ni pande zote mbili na kwa nini yamerudi", daktari ajibu hilo kwanza. Mko Tanga, Moshi si mbali, pale KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda nzima, na idara ya magonjwa ya ndani iko hospitali hiyohiyo. Omba waone wote wawili, usikubali kuonwa na mmoja.

bintimvita

Samahani kaka, mimi ni wa Mombasa na si daktari, lakini nina swali dogo. Mama anapaka hina? Maana mamangu na makhalati wote mwaka mzima vidole ni vyekundu, daktari akimwangalia ataona nini? Nyanyangu alikuwa anaumwa hakuna hata mtu alowahi kuona rangi ya kucha zake mpaka anazikwa. Na hawa wasichana na jeli zao na kucha za bandia ndio kabisa.

kijana_wa_pangani

Dada umenigusa, anapaka ndiyo, na piko sikukuu. Ndio maana hata sisi tulichelewa kuona. Daktari wa kwanza alisema hiyo ni hina tu.

pumzi_ndefu

Swali zuri sana hilo na tunalisahau. Hina inapaka juu, haibadilishi unene wala mkunjo, na ukucha unaendelea kukua kama kawaida, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa unaona pale shinani pametoka sehemu mpya safi. Asipake kwa sasa. Halafu fanyeni hivi, ni bure: chukua tupa ya kucha mchore kamstari kadogo karibu kabisa na shina la ukucha wa kidole gumba na cha kati, weka rula pembeni piga picha kwenye mwanga wa dirisha. Mwezi ukiisha piga tena, rula ileile. Ukucha wa mkono wa kawaida unasogea karibu milimita 3 kwa mwezi, wazee kidogo pungufu. Kwenye huu ugonjwa ni chini ya robo milimita kwa wiki, yaani mwezi mzima haufikishi hata milimita moja. Ukimpelekea daktari picha hizo mbili hacheki.

mswahili_leicester

Asalaam aleikum. Nimeona huu uzi nikasema niandike maana baba mkwe wangu anao, hapa Uingereza, na hata hapa walikotoka hao waliougundua alizungushwa kweli kweli. Alianza kwa mtu wa pua, akapelekwa kwa mtu wa miguu, akapelekwa kwa mtu wa kifua, kila mmoja na barua yake. Aliyeunganisha ni nesi wa miguu aliyekuwa anamfunga bandeji, akamwambia mzee toa soksi zote mbili na unyooshe mikono.

Nitasema tiba kidogo kama wanavyomfanyia yeye, sio ushauri. Dawa ya kuondoa ugonjwa wenyewe haipo, wanatibu kila upande. Miguu ni soksi za kubana na bandeji na mtu wa masaji maalumu ya limfu, hiyo imesaidia sana. Kifua ni fiziotherapia, anafundishwa namna ya kutoa makohozi asubuhi, kulala mkao huu na huu, na kuna wakati wanampa azithromaisini ya muda mrefu. Maji yalivyokuwa yanarudi kila mara wakamwekea unga wa talki ndani ya utando ili kuta mbili zishikane maji yakose pa kukaa, iliuma siku za mwanzo lakini toka hapo kimya. Kucha walimpa vitamini E ya dozi kubwa pamoja na flukonazoli. Hiyo flukonazoli usije ukadhani ni kwa sababu ya fangasi, tuliambiwa inasukuma ukucha ukue. Zimerudi nusu, vidole vitatu safi vingine bado.

Kuna kitu kingine mtakiona mtandaoni nacho ni titani. Watafiti wawili wa Sweden waliandika 2011 kwamba wagonjwa wao walikuwa na titani kwenye kucha, wakasema inatoka kwenye meno ya bandia ya kupandikiza, nyonga za chuma na ile rangi nyeupe ya titani iliyomo kwenye vidonge na peremende. Mkwe akatupa dawa ya meno, akatupa pipi, mama mkwe akachoka. Daktari wake akasema haijathibitishwa ila kama unaweza kubadilisha badilisha tu haina hasara.

mzee_wa_hoja

Sasa hiyo ya titani si ndo ile Ulaya wameipiga marufuku kwenye vyakula? Basi ndo hiyo imemaliza watu.

pumzi_ndefu

Waliipiga marufuku kwenye vyakula 2022 ndiyo, lakini sababu yao ilikuwa wasiwasi wa vinasaba, sio kucha. Usiviunganishe. Chanzo kinachoaminika zaidi ni kwamba mishipa ya limfu haipitishi maji yake vizuri, kwa hiyo yanatuama miguuni, kwenye utando wa mapafu na chini ya ukucha. Ukilielewa hilo unaelewa kwa nini vitu vitatu ambavyo havifanani vinaumwa pamoja.

Na @mswahili_leicester asante, umeeleza vizuri kuliko wengi wetu. Niongeze mawili. Kwanza vitamini E ushahidi wake ni mdogo mdogo, wagonjwa wachache. Mayo Clinic kule Marekani walichapisha 2008 wagonjwa wao 41, kati ya waliofuatiliwa zaidi ya nusu kucha ziliboreka au kurudi kabisa, na mara nyingi bila tiba yoyote maalumu. Kwa hiyo atakayekuuzia kichupa cha vitamini kwa bei ya kiwanja mwambie asante. Pili, flukonazoli na dawa za TB zisichanganywe kienyeji, rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, inaipunguza nguvu hiyo flukonazoli, na ndugu yake itrakonazoli ndo kabisa inabaki jina.

kijana_wa_pangani

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kwa ukimya.

Tulienda Moshi. Picha na rula tulipiga zote mbili, kamstari ka kidole gumba kamesogea hata milimita moja haijafika, daktari wa ngozi alizikuza kwenye simu yangu akaita na wenzake. Hina ilikuwa imeshatoka. Kamwezi hakapo kidole hata kimoja, na miguuni hivyohivyo. Miguu imevimba sawa yote miwili, nilipimia futi ya fundi cherehani.

Damu ya usiku imetoka hasi na kile cha kidole hasi. Moyo mzima, figo nzima. Maji yametolewa tena, ADA iko chini, kinyama cha utando hakijaonyesha TB wala kansa. Siti skani imeonyesha njia za hewa za chini zimetanuka pande zote, wakasema ndo chanzo cha makohozi ya asubuhi. Dozi ya pili ya TB wamesema hapana kwa sasa, watafuatilia kwa makohozi. Kwa hiyo jina alilotoa yule intani ndo limeandikwa kwenye faili, nimempigia simu kumwambia akafurahi sana.

Mama mwenyewe anasema hajawahi kupigwa picha mikono hivi tangu siku ya ndoa yake, wanafunzi wa udaktari wamepanga foleni kama wapambe wa bibi harusi. Ameuliza lini ataruhusiwa kupaka hina, nimeshindwa kujibu.

Wameanza na soksi na mazoezi ya kifua, flukonazoli na vitamini E wamesema baada ya kupima ini. Maswali matatu ya mwisho: ukucha wa kidole cha pili mguuni umeanza kucheza unataka kutoka, tuutoe? Na wametuandikia mammogramu, mbona ya matiti inaingiaje hapa? Na mimi na dada zangu tutaurithi?

pumzi_ndefu

Hongereni, na mpe salamu huyo intani.

Ukucha msiung'oe. Mfunge bandeji kavu usikwaruzwe na soksi, uache udondoke wenyewe, ukiona pekundu, pana joto au panatoa usaha mrudishe siku hiyohiyo maana mguu wenye limfu iliyotuama unashika maambukizi haraka sana. Miguu ioshwe na ikaushwe katikati ya vidole kila siku, ipakwe mafuta, asitembee peku.

Mammogramu ni kwa sababu huu ugonjwa wakati mwingine umeonekana pamoja na kansa, ya matiti, ya mapafu, ya limfu na nyinginezo. Haimaanishi anayo. Kinyama cha utando na siti skani vimeshajibu sehemu, hii inajibu sehemu nyingine, msiiache hata kama ni safari nyingine ya Moshi.

Kurithi: wengi sana wanaupata ukubwani, zaidi baada ya miaka 50, na hauko kwenye ukoo. Familia zilizoandikwa kuwa nao ni za kuhesabu. Hina anaweza kupaka viganjani na miguuni juu, kucha aziache wazi tuzione.

Akianza kuhema akiwa amelala chali, au akishindwa kumaliza sentensi, hiyo ni hospitali iliyo karibu, msisubiri tarehe ya kliniki.

kijana_wa_pangani

Mammogramu ni Alhamisi. Ya viganjani nimemwambia, kashatuma mtoto dukani.

bintimvita

Mwambie achukue ya majani yenyewe, si hiyo ya pakiti nyeusi, hiyo inaunguza ngozi.